Neno "Vumilia" Limetuponza

Mwaka jana tulikuwa na harusi katika ukoo wetu. Binti wa marehemu kaka yangu aliolewa hapa Morogoro, na siku chache kabla ya ndoa kina mama walimfanyia kicheni pati katika ua wa nyumba yangu. Sisi wanaume tulifukuzwa, kama ilivyo desturi. Nilihamishia kiti changu upande wa pili wa ukuta, chini ya mwembe wa jirani, lakini kipaza sauti hakijui ukuta, nikayasikia mafundisho yote. Alisimama mama wa kwanza akasema: mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Akasimama wa pili akasema: akichelewa kurudi usimwulize, vumilia. Wa tatu akasema mwanamke ni nguzo ya nyumba, na nguzo haisemi. Vigelegele vikapigwa. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Neno hilo lilipotajwa mara ya kumi na saba niliacha kuhesabu, nikaondoka kwenda kumtafuta bwana harusi ili nijue yeye anafundishwa nini, na nani.

Nilimkuta kwenye baa moja maeneo ya Msamvu, amezungukwa na rafiki zake, meza imejaa chupa. Nilimsogeza pembeni nikamwuliza, "Mwanangu, wewe nani amekufunda?" Akacheka kwa adabu. "Baba, mimi nifundwe nini tena? Wanaofundwa si wanawake?"

Ndugu msomaji, makala hii ni ya ugomvi. Nagombana na neno moja ambalo tumelifanya dawa ya kila ugonjwa wa ndoa, nalo ni hilo "vumilia". Sigombani nalo kama kijana aliyesoma vitabu akadharau wazee. Mimi mwenyewe ni mzee. Nimeoa mwaka 1984, nina wajukuu, na ndoa yangu ilikaribia kufa mwaka 1997 huku watu wote wenye busara wakiwa wamekaa sebuleni kwangu wakisema neno hilo. Ilipona baada ya mimi na mwenzangu kuanza kufanya kazi pamoja, tena kazi ngumu, ya kuitengeneza. Nasema basi tangu mwanzo, ili asiyependa afunge kitabu: ndoa iliyolegea haikazwi na mvumilivu mmoja. Inakazwa na watu wawili walioshika kila mmoja upande wake.

Nianze na yangu, maana mgonjwa ndiye ajuaye palipomuuma.

Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa. Tume ya Rais ya kurekebisha mashirika hayo ilikuwa imekwisha kuundwa tangu 1992, na hapa mjini kwetu, penye viwanda vingi, kila mwezi tulisikia majina ya waliopunguzwa. Mwezi wa Juni 1996 nilisikia la kwangu. Nilikuwa karani wa ghala kwa miaka kumi na mitano. Nilipewa kiinua mgongo cha Sh. 640,000, nikaenda nazo nyumbani nikiwa nimezifunga ndani ya gazeti.

Nilikosea tangu siku ile. Mke wangu alipouliza nimelipwa kiasi gani, nilimwambia nimelipwa Sh. 240,000 na zilizobaki zitakuja baadaye. Zile laki nne nilimkabidhi mtu tuliyefanya naye kazi, aliyeniambia atanunua mahindi ya bei nafuu na kuyauza mjini, na faida tutagawana. Nilitaka siku moja niingie nyumbani na fedha nyingi, niwe mwanaume tena mbele ya mke na watoto. Sitasema mengi. Mahindi sikuyaona, na mtu yule naye hakuonekana tena.

Nilinyamaza. Mke wangu alikuwa akikaanga vitumbua na kuviuza asubuhi, na vitumbua hivyo sasa vikawa ndivyo vinavyotulisha na kulipa ada na michango ya shule ya watoto watatu. Kila jioni aliniuliza, "Baba watoto, zile fedha zenu bado hazijatoka?" Nami nilijibu kwa ukali, maana mwongo huwa na hasira kuliko aliyedanganywa. Nikahamia kijiweni kucheza drafti kwa vizibo vya soda tangu saa tatu asubuhi hadi giza. Nikirudi, yeye amechoka na mimi nina aibu, na aibu yangu niliivika nguo ya ukali.

Kufikia Septemba tuliacha kusemezana. Huenda msomaji akadhani ninatia chumvi, lakini kwa miezi minane mimi na mke wangu tulizungumza kupitia mtoto wetu wa kwanza, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." "Mwambie mama yako sili." Chumba chenyewe ni kimoja, sote watatu tumo ndani, na mtoto anageuza kichwa huku na huku. Umeme ulikatwa kwa deni, na hata siku ile mtoto ndiye aliyetumwa kuniambia umeme umekatwa, nami nimekaa gizani naona.

Februari 1997 kikaitishwa kikao cha familia. Walikuja wazee wa upande wangu kutoka Same na wa upande wake hapa hapa mjini, watu wazima wenye heshima zao. Walikaa tangu saa nne hadi saa tisa alasiri, na kwa muda wote huo waliuliza swali moja tu: nani mwenye kosa? Tukawa kama tuko mahakamani. Mke wangu akatoa orodha yake nami nikatoa yangu, na kila aliyesema alijitahidi kumpita mwenzake kwa uzito wa makosa. Hakuna hata mzee mmoja aliyeuliza kiinua mgongo kilikwenda wapi. Mimi nami sikukitaja.

Hukumu ikatoka. Mke wangu aliambiwa kwamba vijisenti vya vitumbua visimpe kiburi, aombe msamaha, na avumilie, kwani kila ndoa ina mitihani yake. Mimi niliambiwa nipunguze hasira. Akapiga magoti akaomba msamaha kwa kosa ambalo mimi, mbele ya Mungu, nilijua si lake. Tukaambiwa tushikane mikono, tukashikana, pilau likaletwa, wazee wakala wakaondoka wakiwa na furaha kwamba wamejenga. Ndani ya majuma mawili nyumba ilikuwa mbaya kuliko awali, maana sasa mke wangu alikuwa na donge jipya, na mimi nilikuwa na hukumu ya wazee mfukoni. Mwezi wa Aprili alifungasha, akawachukua watoto, akaenda kwao Matombo.

Ndugu zangu, hebu tulitazame neno hili. Kuvumilia ni jambo jema kabisa. Tunavumilia mvua, njaa, ugonjwa na msiba. Tazameni vizuri orodha hiyo: vyote ni vitu visivyo na masikio. Huwezi kukaa na ukame ukauambia umekuumiza, ukabadilika. Mwenzi wa ndoa ana masikio. Kumwambia mwanamke amvumilie mume wake jinsi anavyovumilia ukame ni kusema kwamba mume huyo hasikii, habadiliki, na hahesabiwi kuwa mtu. Tunadhani tunamtukuza mwanaume kwa ushauri huo, kumbe tunamtukana. Mimi nilitukanwa hivyo mbele ya wazee wa pande mbili, nami nikashukuru.

Tena uvumilivu wa upande mmoja ni mwizi. Unamwibia aliyekosa nafasi ya kujua amekosa. Mke wangu angeendelea kunyamaza kama alivyoagizwa, mimi ningekufa na siri yangu, na watoto wangekua wakijua kwamba ndoa ni watu wawili wanaotumiana salamu za chuki kupitia mtoto.

Nilikaa peke yangu majuma saba. Mwishoni nilipanda gari la Matombo. Kwa Waluguru, ukoo ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao sisi Wapare twaweza kuushangaa. Mjomba wa mke wangu alikuwa mzee sana. Nilijiandaa kwa faini, nikawa nimekopa hata fedha kidogo za kulipa. Aliniacha nile, ninawe mikono, ndipo akaniambia, "Mkwe, mimi sitakuuliza nani amekosa. Nataka kujua kitu kimoja. Tangu ulipoachishwa kazi, wewe na mke wako mmefanya kazi gani pamoja?"

Nilitafuta jibu. Nilirudi nyuma mwezi kwa mwezi hadi Juni mwaka uliopita. Sikupata hata moja. Hata ndoo ya maji hatukuwa tumesaidiana kuinua.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba alisema nami bila mkalimani. "Nitarudi. Lakini sirudi kuvumilia. Nitarudi kama mimi na wewe tutakaa kila Jumamosi jioni, wawili tu, tuhesabu kilichoingia na kilichotoka. Ukikataa, nauli yako ya kurudi nitakulipia mimi." Nilikubali, ingawa tumbo lilinikata, kwa sababu nilijua kuhesabu kutanifikisha wapi.

Jumamosi ya kwanza watoto tuliwapeleka kwa jirani. Tulitandika mkeka, tukawasha taa ya chemli, tukaweka katikati kopo la sarafu na daftari la shule. Tulihesabu sarafu kwanza, kwa kuwa kuhesabu ni rahisi kuliko kusema. Zilipokwisha nilimwambia habari za zile laki nne, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakusema kitu. Akainuka akatoka uani, nikamsikia akiosha vyombo ambavyo nilijua vimekwisha kuoshwa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa mahali pale pale, akachukua kalamu, akasema, "Endelea."

Halafu akatoa yake. Alikuwa akicheza upatu na wenzake wa sokoni, na fungu lake, Sh. 85,000, alikuwa amelificha kwa dada yake tangu Desemba, kwa kuwa alikuwa akijiandaa kuniacha. Msomaji, utacheka: mimi niliyeficha laki nne nilimkasirikia aliyeficha elfu themanini na tano! Tulinuniana siku tatu. Lakini safari hii kulikuwa na Jumamosi nyingine inakuja, na kila mmoja wetu alijua kwamba mwenzake atakuwa mkekani. Hilo ndilo kikao cha wazee hakikutupa. Kikao kilikuja mara moja na kuondoka na hukumu. Mkeka ulirudi kila juma, wala haukuhukumu.

Kwa zile fedha zake tulinunua magunia matatu ya mchele wa Ifakara, tukaanza kuuza sokoni. Mimi nilibeba, nikapima, nikaandika daftari. Yeye alichambua, akapepeta, akauza, kwani ulimi wa biashara alikuwa nao yeye. Rafiki zangu wa kijiweni walipita makusudi kunitazama nimeshika ungo. Walisema nimelishwa limbwata. Mmoja alinihurumia kweli, akanipa jina la mganga. Lazima nikiri kwamba iliniuma, na kuna Jumamosi nililisema hilo mkekani, kwamba naona aibu. Nilitegemea ataniambia nivumilie! Badala yake aliniuliza, "Ni saa ngapi hasa wanapita?" Tukapanga saa hizo mimi niwe ghalani na yeye awe mezani, hadi nilipozoea. Ni jambo dogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu aibu yangu kuwa kazi ya watu wawili.

Kisha zikaja mvua za El-Nino, mwishoni mwa 1997 hadi mwanzo wa 1998. Barabara ziligeuka matope, malori yakakwama, na magunia yetu mawili yalifika yameloa. Mwaka mmoja kabla, hasara kama hiyo ingekuwa sababu ya kutupiana maneno hadi alfajiri: wewe ulichagua lori, wewe ulitaka haraka. Usiku ule tulitandika mchele kwenye kila mkeka na kila shuka, sebuleni na chumbani, tukalala pembeni mwa ukuta watoto wakiwa katikati yetu. Mke wangu aliniita kwa sauti, "Baba watoto, usigeuke, utalalia mtaji." Mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa mpeleka habari kwa miezi minane, alituangalia mmoja baada ya mwingine, akaona hana kazi, akalala.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: unadharau vikao vya wazee, ambavyo ni mila yetu. La hasha. Mzee wa Matombo alikuwa mzee, na mila yake ilikuwa mila. Tofauti ilikuwa katika swali lake. Mwingine atasema dini zinafundisha subira. Naam, zinafundisha, lakini zinaifundisha kwa wote wawili. Hata Qur'an, katika Sura An-Nisaa, inapoelekeza wachaguliwe wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, imetaja nia ya kutaka mapatano. Nasi Wakristo tunasimama mbele ya madhabahu wawili na kuapa wawili. Sijawahi kuona kanisa ambamo bibi harusi anaapa peke yake na bwana harusi yuko nje akisubiri picha.

Wa tatu atasema kwa hasira kidogo: je, mwanamke anayepigwa naye akae mkekani ahesabu sarafu? Swali hili ni la haki, na kulijibu kunanipasa nikiri jambo.

Mwaka 2004 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa katika kata moja, nikakaa humo miaka saba. Kwa wasiofahamu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, kwamba mtu asipeleke mahakamani maombi ya talaka kabla shauri halijapita kwenye Baraza na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Ni wazo zuri mno: kabla hakimu hajavunja, majirani wajaribu kujenga. Lakini nilichokiona humo ni kile kile cha sebuleni kwangu. Watu walikuja kutafuta karatasi ya kwendea mahakamani, nasi tukawauliza nani mwenye kosa, tukamwagiza mmoja avumilie, na shauri likaisha kwa kikao kimoja kabla ya chakula cha mchana.

Siku moja alikuja mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mume alikuwepo, amevaa vizuri, anajibu kwa upole. Mjumbe mmoja alimwambia yule mama kwamba hata kikombe na sahani hugongana kabatini, arudi nyumbani akavumilie. Nilikuwa nimekaa pale pale, mimi mwenye mkeka na daftari, mimi niliyejua. Nilinyamaza. Nilijiambia mimi ni mjumbe mgeni, nisiwapinge wakubwa. Sikumwona tena mama yule, na hadi leo nikikutana na mwanamke wa umri wake barabarani humtazama macho kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sheria hiyo hiyo ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Kutengeneza ndoa ni kazi ya watu wawili walio salama na walio radhi. Palipo na kipigo, mmoja ameshaondoa mkono wake kwenye kazi na kuugeuza silaha, na la kwanza ni kumtoa anayeumia mahali pa hatari. Neno "vumilia" halina uwezo wa kutofautisha nyumba hizi mbili, yenye ukimya na yenye kipigo. Linatoa dawa moja kwa zote, na hilo peke yake linatosha kulishitaki.

Kuna jambo jingine lililonifikirisha nikiwa barazani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msimamo kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaopaswa kuhesabiwa wakati wa kugawana mali iliyochumwa katika ndoa, ingawa mwenyewe siku ile hakupata alichokuwa anadai. Kupika, kufua, kulea, vyote vina uzito kwenye mizani ya sheria. Wengi tunaisifu hukumu hiyo, nami naisifu. Lakini tazameni tulivyo! Kazi ya mke inahesabiwa siku ndoa inapokufa. Hakimu asiyewajua anatoa kalamu na kuandika kwamba huyu alipika na huyu alilea. Kwa nini kalamu hiyo isishikwe miaka ishirini mapema, na mume mwenyewe, juu ya mkeka wake, ndoa ikiwa hai? Mimi niliona thamani ya vitumbua vya mke wangu siku nilipoviandika katika daftari kwa mkono wangu. Kabla ya hapo nilikuwa navila tu.

Basi nasemaje? Nasema kwanza kwamba bwana harusi naye afundwe. Kama bibi harusi anakalishwa siku nzima, naye akalishwe hata saa mbili, na wanaume waliooa, hasa wale ambao ndoa zao ziliwahi kupasuka zikaungwa, wamweleze ukweli bila mizaha. Pili, wazee tunaoitwa kwenye vikao tuliache lile swali la nani mwenye kosa hadi tuwe tumeuliza la mzee wa Matombo: mmefanya nini pamoja tangu mambo yaharibike? Wakikosa jibu, wapewe kazi, warudi baada ya mwezi, tuwaulize tena. Tatu, mabaraza yetu yasiridhike na kikao kimoja. Fundi gani wa baiskeli huitazama mara moja, akatoa hotuba, akairudisha bila kugusa hata spoku?

Na kwa wewe uliye katika ndoa iliyonyamaza, nasema usisubiri kikao. Tafuta siku moja ya juma na jambo moja la kuhesabu wawili. Si lazima liwe fedha. Lakini liwe jambo ambalo mmojawenu analiogopa, kwa maana hapo ndipo ufa ulipo.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea mke wangu, kama ninavyomsomea kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kazi ambayo mikono yake haiwezi kuiacha hata sasa ambapo hatuna biashara tena. Kisha akasema, "Umenisingizia. Umeandika kama vile mimi sikuvumilia. Nilivumilia sana."

Nikamwuliza, basi wale kina mama wa kicheni pati walikuwa na haki?

Akafikiri kidogo. "Hapana. Miezi ile minane nilikuvumilia wewe. Baadaye nilivumilia pamoja nawe. Waandikie hivyo, wao wenyewe watajua tofauti yake."

Nimewaandikia. Na yule binti wa marehemu kaka yangu, pamoja na mume wake, walipokuja kutuamkia baada ya fungate, hatukuwapa hotuba. Tuliwapa mkeka, kopo tupu na daftari kubwa, tukawakabidhi wote wawili kwa pamoja, kila mmoja ameshika upande. Yule kijana alilifungua daftari akaona kurasa hazina kitu, akaniuliza kwa ile adabu yake, "Baba, sasa hapa nani anaandika?"

Nikamwambia waulizane.